Sita na Draupadi hawakuwa wanyamavu

Wengi huamini kwamba wanawake wa tenzi za Kihindu walisifiwa tangu kale kwa unyamavu tu. Sivyo. Katika utenzi wa Mahabharata, Draupadi, aliyeburutwa kwa nywele hadi barazani baada ya mumewe kumpoteza kamarini, anauliza swali ambalo hata Bhishma, mzee wa ukoo, anashindwa kulijibu: mtu aliyekwisha kujipoteza mwenyewe ana haki gani ya kumweka mkewe dau? Sita naye, katika Ramayana, utenzi wa mshairi Valmiki, anamkaripia mumewe Rama anapokataa kwenda naye uhamishoni msituni. Mwanahistoria wa Uingereza James Mill alipoandika mwaka 1817 kwamba Wahindu huwadunisha wanawake, wazalendo wengi wa India wa miongo iliyofuata walijibu kwa kumtukuza Sita mvumilivu, na, kwa masikitiko yangu, karipio lile likasahauliwa.