Ukimwona ndege adimu, ni lazima utume ramani?

Watazamaji ndege wengi wa Nairobi huamini kwamba ukimwona ndege mhamaji adimu, wema ni kuwatumia wenzako ramani ya mahali penyewe papo hapo. Sivyo kila mara. Ndege aliyetoka Ulaya au Asia akatua kwenye mabwawa ya majitaka ya Ruai amechoka. Kila anapotimuliwa na wapiga picha huchoma mafuta ya mwilini, na kufikia Machi au Aprili anayahitaji kwa safari ya kurudi. Kumchezea sauti ya mwenzake kwenye simu ili ajitokeze? Mimi naita uchokozi. Taja tarehe na eneo kwa jumla, Msitu wa Karura kwa mfano. Rekodi bado ina thamani. Bundi kiotani usimtaje kabisa: wapo wanaomuua wakimdhania mkosi. Tai anayepita angani, tangaza upendavyo. Kabla hujamaliza kuandika, keshafika Athi River.