Kilichozoea dawa si mwili wako

"Mwili wangu umeshazoea kapsuli za rangi mbili, nipe dawa kali zaidi." Juzi nimeambiwa tena hapa Malindi, safari hii na mwalimu wa sayansi mwenye jipu pajani. Nilimjibu kwa adabu. Leo adabu imeniishia.

Mwalimu wangu, mwili haujazoea kitu. Aliye sugu ni bakteria, stafilokokasi, sisi maabara twamwita stafi. Takriban mtu mmoja kati ya watatu anaye puani na wala haumwi. Penisilini ilianza kutumika sana miaka ya 1940, na muongo haukwisha kabla stafi wenye kimeng'enya cha kuivunja hawajaenea mahospitalini. Methisilini, dawa ya ukoo wa penisilini ambayo kimeng'enya hicho hakiivunji, ikatoka 1959. 1961 Uingereza ikaripoti stafi wasioijali. Hawa hawahangaiki kuivunja dawa: wana jeni la mecA, linalounda protini ambayo dawa za ukoo huo hushindwa kuishika. Ndiyo maana amoksilini, ampiklosi, flukloksasilini na sefaleksini huanguka zote pamoja. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, umebadilisha rangi ya kapsuli na umetumia pesa, basi.

Lakini linaloniudhi hasa ni hili. Ukiamini usugu umo mwilini mwako, utaamini pia kwamba asiyemeza dawa ovyo yuko salama. Thubutu! Mtoto asiyewahi kuonja kidonge anaweza kuanza moja kwa moja na stafi sugu, kampata kwenye taulo ya kakake, wembe wa kinyozi, au ngozi kwa ngozi uwanjani. Mwaka 1999 Marekani iliripoti vifo vya watoto 4 wa Minnesota na North Dakota kwa stafi sugu, na hawakuwa watu wa kulazwa-lazwa hospitali. Na huko wodini anayembeba kitanda hadi kitanda mara nyingi ni sisi wahudumu, kwa mikono hii hii.

Jipu lililoiva hupasuliwa na mtabibu, usaha utoke. Hiyo ndiyo tiba yenyewe, na mara nyingine yatosha. Usilikamue nyumbani. Unga wa kapsuli juu ya kidonda, tafadhali, acheni. Wekundu ukisambaa au homa ikipanda, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nasi maabara tusijifanye twajua yote. Twaweka kikaratasi chenye sefoksitini, dawa ya kupimia usugu huo, juu ya sahani ya kuoteshea bakteria: kikiacha duara lisiloota kitu la milimita 21, naandika sugu. 22, naandika anasikia dawa. Milimita moja, na rula ni ile ile, macho ni yale yale ya saa kumi jioni. Pamba ya kuchukulia sampuli ikipitishwa juu ya kidonda kisichosafishwa, stafi ataota sahani nzima, nami siwezi kuapa kama ndiye mkosaji au mkaazi wa ngozi tu.

Hata ile "maliza dozi usije ukazalisha usugu" yanitia shaka. Kwa kifua kikuu sina ubishi, maliza. Kwa stafi wa puani, kila siku ya ziada huwaua wanyonge na kuwaachia nafasi walio sugu. Sisemi ukatize dawa ukipata nafuu; muulize aliyekuandikia kwa nini siku saba na si tano, akueleze.

Na usaha uchukuliwe kabla dawa haijaanza. Majibu huchukua siku mbili tatu. Msiniletee pamba baada ya wiki nzima ya kapsuli, kisha mnigombeze kwa nini hakikuota kitu.