Nyongeza ya uzamili ni nini, na inalipa lini?

Nyongeza ya uzamili ni tofauti kati ya kipato atakachopata mtu hadi kustaafu akiwa na shahada ya uzamili, na kile ambacho mtu huyohuyo angepata kama angeishia shahada ya kwanza, ukishatoa gharama zote. Uzito uko kwenye "mtu huyohuyo". Kulinganisha tu wenye uzamili na wasio nao kunapotosha, kwa kuwa wanaoendelea na masomo mara nyingi walishakuwa na alama za juu au fani inayolipa. Sehemu ya tofauti hiyo wangeipata hata bila kurudi darasani.

Kwa anayeacha kazi, mzigo mkubwa mara nyingi si ada. Chukua, kwa mfano tu, mshahara wa 100 kwa mwaka. Ukiacha kazi miaka 2 umepoteza 200. Ada ya kozi nzima ikiwa 60, jumla ni 260. Chakula na pango usivihesabu, maana ungevilipa vilevile. Ukirudi kazini kwa 120, mshahara umepanda kwa 20 kwa mwaka, kwa hiyo utatumia miaka 13 kurudisha ulichotoa.

Hapo ndipo wengi hujidanganya. Aliyebakiza miaka 15 ya kazi anaona 300 dhidi ya 260, anadhani amepata. Lakini fedha ya miaka 15 ijayo haina thamani ya fedha iliyo mkononi, ambayo ingewekezwa ikazaa. Kwa riba ya asilimia 5, zile 300 zina thamani ya kama 208 tu siku ya kuhitimu. Ni hasara. Aliyebakiza miaka 35 anafikia kama 327, naye anavuka.

Ukisoma jioni huku unafanya kazi, ile 200 haipotei, na ada inarudi kwa miaka 3. Hatari yake ni kuchoka na kuishia njiani: ada imekwenda, cheti hakuna.

Kabla ya kuomba nafasi, soma matangazo 20 ya kazi unayoitaka. Je, uzamili ni sifa ya lazima, au wanasema tu "itazingatiwa"? Chuo nacho kiulize mshahara wa mhitimu wa katikati wa kozi hiyo, yaani aliye katikati ukiwapanga wahitimu kwa mishahara yao, si wastani, kwa sababu wachache wanaolipwa sana huvuta wastani juu. Na kama ada ni ya mkopo wa riba ya asilimia 10, katika zile 20 za mwaka wa kwanza, 6 ni za riba.