Karavani ya gurudumu la tano: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Karavani ya gurudumu la tano haifungwi nyuma ya bampa kama trela ya kawaida. Pua yake hupanda juu ya bodi la pikapu, na kingipini yake, pini nene ya chuma iliyo chini ya pua, huingia kwenye taya za kiungio kilichofungwa juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Kwa sababu hiyo hutulia barabarani kuliko trela nyingine, na utulivu huo ndio unaowapumbaza wengi: ikitulia, hudhaniwa kila kitu kiko sawa.

“Pikapu inavuta tani sita, karavani ni tani tano na ushee. Tatizo liko wapi?”

Liko mgongoni mwa pikapu. Trela ya kawaida hulalia ndoano kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Hii hulalia bodi kwa asilimia 15 hadi 25. Chukua karavani ya kilo 5,400 ikiwa na mizigo yake. Asilimia 20 ni kilo 1,080. Ongeza kiungio kilo 80, watu wawili kilo 150, vifaa kilo 40. Jumla ni kilo 1,350. Sasa fungua mlango wa dereva usome kibandiko kinachotaja kikomo cha watu na mizigo. Kikisema kilo 1,100, umezidisha kilo 250, hata kama uwezo wa kuvuta bado unaonekana una nafasi.

Kuongeza mifuko ya hewa kwenye springi hakutatui hilo. Mifuko huinua mkia wa pikapu ukaonekana umekaa sawa, lakini ekseli, tairi na breki zinabaki zilezile, na kikomo nacho hakisogei.

Usipige hesabu kwa uzito mkavu wa kwenye brosha. Huo hauna maji, nguo, vyombo, na mara nyingi hauna hata betri wala gesi. Nenda kwenye mzani wa malori. Pima kwanza pikapu peke yake, ikiwa na kiungio, abiria na mafuta. Kisha funga karavani na upime tena, magurudumu ya karavani yakiwa nje ya mzani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa pini, yaani uzito ambao karavani huulaza juu ya bodi. Fanya hivyo na maji ndani kama huwa unasafiri nayo: tangi la lita 200 lililo mbele ya ekseli za karavani huongeza uzito wa pini, na lililo nyuma yake huupunguza.

“Taya zimelia, kwa hiyo zimeshika.”

Mlio si ushahidi. Karavani ikiwa juu mno wakati pikapu inarudi nyuma, kingipini inaweza kupanda juu ya taya badala ya kuingia ndani yake, na mkono wa kufungia ukaonekana umekaa mahali pake. Hapo karavani imekalia kiungio tu. Breki ya kwanza au tuta la kwanza huirusha juu ya kuta za bodi.

Kabla ya kurudi nyuma, shusha pua hadi bamba la kingipini liwe chini kidogo ya uso wa kiungio, kama sentimita moja na nusu, ili pikapu iinue karavani kidogo inapoingia. Ukishafunga, washa tochi utazame kati ya bamba na kiungio. Ukiona mwanga upande wa pili, shusha, toa, uanze upya. Pasipo upenyo, funga pini ya usalama, chomeka waya wa umeme na kebo ya breki ya dharura (ile inayoshika breki za karavani ikiachana na pikapu), pandisha ukuta wa nyuma wa bodi, kisha inua miguu ya mbele iachie ardhi kwa sentimita chache tu. Huku vizuizi vikiwa bado kwenye magurudumu, shika breki za karavani kwa mkono wa kontrola ya breki iliyo ndani ya pikapu na uvute polepole kwenda mbele. Ikiachia wakati huo, inaangukia miguu yake mwenyewe, si bodi lako.

Na kwenye kona, usitarajie ifuate nyayo za pikapu. Hukata ndani zaidi kuliko trela ya bampa ya urefu huohuo, kwa kuwa inageukia juu ya ekseli. Nenda mbele zaidi kabla ya kukata usukani.

“Ina nipeli ya grisi, piga pampu basi.”

Dhana hii huharibu breki kila mwaka. Ekseli nyingi za karavani zina nipeli mwishoni, chini ya kifuniko cha mpira, na grisi hupita ndani ya ekseli hadi beringi ya nyuma kisha hurudi mbele. Ukipiga kwa nguvu, au bila kuzungusha gurudumu, grisi husukuma sili ya nyuma na kumwagikia breki shuu. Shuu iliyolowa grisi haisafishiki, hubadilishwa.

Hata nipeli ikitumiwa vizuri, haikuonyeshi chochote. Mara moja kwa mwaka, au kila kilomita 20,000, fungua habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ondoa kifuniko, pini, nati, washa na beringi ya nje, kisha dramu. Osha beringi, uzikaushe bila kuzizungusha kwa upepo wa kompresa. Tafuta vishimo kwenye rola na rangi ya bluu, ambayo ni alama ya joto kali. Jaza grisi mpya kwa kiganja hadi ichomoze kati ya rola kwa upande wa pili, weka sili mpya, na usichanganye aina za grisi. Kaza nati huku ukizungusha dramu ili beringi zikae, ilegeze, kisha irudishe kwa vidole tu na uweke pini. Ukiikaza kwa spana ukaiacha hivyo, beringi itaungua.

Njiani, kila unaposimama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila habu. Habu zote zikiwa vuguvugu, sawa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, usiendelee.

“Breki za umeme zinajirekebisha zenyewe.”

Baadhi ndiyo, nyingi hapana. Zisizojirekebisha huhitaji kukazwa kila kilomita 5,000 hivi. Inua gurudumu, ingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma, zungusha nyota, kigurudumu chenye meno kinachorekebisha breki, hadi gurudumu ligome, kisha uilegeze hadi lizunguke kwa kukwaruza kidogo tu.

Ukishuku sumaku, zile zinazoamsha breki za umeme kwenye kila gurudumu, ampea husema ukweli upesi kuliko barabara. Sumaku moja hula ampea 3 hivi. Karavani ya ekseli mbili ina nne, kwa hiyo breki zikishikwa kikamilifu utarajie karibu ampea 12. Ukisoma 9, kuna sumaku moja iliyokufa au waya uliokatika, mara nyingi pale waya unapopita ndani ya ekseli na kusuguana na chuma.

Kebo ya breki ya dharura si breki ya kuegeshea. Ikichomolewa hula betri ya karavani na kuzipasha joto sumaku. Na betri ikiwa imekufa, kebo hiyo ni pambo.

“Tairi zikipata joto, toa upepo kidogo.”

Usitoe. Shinikizo hupanda tairi ikizunguka, na watengenezaji wameshalihesabu hilo. Ukilipunguza, tairi hujikunja zaidi, hupata joto zaidi, na hupasuka. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichotajwa kwenye kibandiko cha karavani. Tairi nyingi za trela zina kikomo cha kilomita 105 kwa saa, isipokuwa zimeandikwa vingine.

Kashata nene za tairi nazo hudanganya. Karavani hukaa zaidi kuliko inavyotembea, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kuisha. Tafuta tarakimu nne ubavuni: 2321 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zikipita miaka mitano au sita, badilisha. Nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe tena kwa spana ya kipimo baada ya kilomita 16, 40 na 80.

“Ikiegeshwa, haiharibiki.”

Huharibika kimyakimya, na paa ndilo mlango. Kagua viungo vyote vya paa kila miezi mitatu: pembezoni, madirisha ya hewa, bomba za choo. Usizibe ufa kwa silikoni ya bafuni; huachia baada ya muda, na gundi sahihi ya paa haishiki tena juu ya mabaki yake. Tumia gundi inayojisawazisha yenyewe kwa sehemu za juu zilizolala, na isiyotiririka kwa sehemu za wima. Paa la mpira wa EPDM lisioshwe kwa petroli wala kisafishaji chenye mafuta, maana huuvimbisha.

Turubai la plastiki nalo si hifadhi. Hufungia unyevu ndani na kupigapiga rangi kwa upepo. Kitambaa kinachopumua ndicho kinachofaa, na mlango wa friji uachwe wazi.

Betri kukaa juu ya sakafu ya saruji hakuimalizi. Hiyo ilikuwa shida ya makasha ya zamani. Kinachoimaliza ni king'amuzi cha gesi na vitu vidogo vinavyokula umeme mchana na usiku. Toa waya wa hasi. Betri ya risasi ikisomeka volti 12.6 baada ya kupumzika, imejaa. Ikishuka hadi 12.1, ichaji. Penye baridi kali, betri iliyoisha huganda kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, iliyojaa haigandi kirahisi. Ya lithiamu isichajiwe chini ya nyuzi sifuri.

Maji, kwa haraka

Valvu ya tangi la choo isiachwe wazi kambini: maji hutoka, kinyesi hubaki na kukauka. Ifunge hadi theluthi mbili zijae, ndipo ufungue, kisha fuatisha maji ya kuogea yasafishe bomba. Kuzuia mabomba yasigande, tumia antifrizi ya propileni glikoli tu. Ile ya injini ya gari kwa kawaida ni sumu.

Na unapoirudisha kazini, jaza hita kwanza, fungua bomba la moto hadi maji yatoke mfululizo bila kutema hewa, ndipo uwashe umeme wa hita. Elementi ikiwashwa kavu huungua ndani ya sekunde chache.