Hesabu za sekondari nyumbani: cheti kwanza, kitabu baadaye

Wazazi wanaosomesha watoto wao nyumbani hapa Mombasa huniuliza, "Mwalimu, tununue kitabu gani cha hesabu?" Nami huwauliza: kijana atafanya mtihani gani, na ataufanyia wapi? Mpaka hilo lipate jibu, pesa zikae mfukoni. Vitabu vizuri vya hesabu vipo tele. Kinachokosekana mara nyingi ni njia ya kumtoa kijana kwenye kitabu hicho hadi kwenye cheti ambacho chuo kitakipokea.

Tuanze na mtaala wa serikali, kwa sababu ndio uliobadilika. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari wa mfumo wa zamani wa 8-4-4, inaelekea ukingoni: darasa la mwisho la kidato cha nne litaifanya 2027. Nyuma yao wako wa CBE, mfumo mpya wa umilisi, walioingia gredi ya 10 Januari 2026. Huko hesabu zimegawanywa: hesabu kamili kwa wanaofuata mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), na hesabu nyepesi, za matumizi, kwa wa sayansi ya jamii na wa sanaa na michezo. Silabasi yenyewe sina neno nayo. Shida ya mzazi wa nyumbani iko kwenye alama. Tazama KJSEA, tathmini ya kumaliza sekondari ya chini, gredi ya 9: mtihani wenyewe ni asilimia 60, asilimia 20 zinatoka KPSEA, tathmini ya kumaliza msingi, ya gredi ya 6, na 20 zilizobaki ni za kazi ambazo shule ilimpima mtoto gredi ya 7 na ya 8. Kijana asiye na shule, alama hizo nani atampelekea KNEC, baraza la mitihani la taifa? Kwa hiyo ukiitaka njia hii, tafuta kwanza shule itakayokubali kumsajili na kumpima, na mkubaliane kwa maandishi. La sivyo, usianze.

Hata hivyo, vitabu vya zamani vya KCSE msivigawe bado. Ndani yake kuna mada ambazo ningependa kila kijana wa Pwani azipitie, mtihani wake uwe wowote. Ile ya latitudo na longitudo, kwa mfano, haimo kwenye IGCSE ya Cambridge, mtihani wa kimataifa wa sekondari kutoka Uingereza. Mpe kijana swali hili: chombo kiko latitudo 4° kusini, longitudo 40° mashariki, yaani karibu na Mombasa. Kinakwenda mashariki moja kwa moja hadi longitudo 55°, upande wa Shelisheli. Ni maili ngapi za baharini? Tofauti ni nyuzi 15. Zidisha kwa 60, kisha kwa kosaini ya 4°, upate kama maili 898. Halafu muulize saa za huko. Nyuzi 15 ni saa moja, na kweli Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja. Kijana aliyekuwa akiona trigonometria ni adhabu, hapo huinua kichwa.

Familia nyingi ninazozishauri huishia kwenye Cambridge au Pearson Edexcel, bodi mbili za mitihani za Uingereza, na naona wana haki. Mitihani hii kijana anaweza kuifanya kama mtahiniwa binafsi, mradi apate kituo cha kumpokea. Kituo hicho kitafuteni mapema. Msingoje mpaka silabasi iishe.

Kwa Cambridge, hesabu za kawaida ni namba 0580, na hapa ndipo mzazi anapotakiwa kufungua macho. Kuna ngazi mbili, Core na Extended. Anayefanya Core, hata akipata kila swali, gredi yake ya juu kabisa ni C. Extended hufika A*. Nimeona kijana mwenye uwezo akiwekwa Core kwa sababu alikuwa na wasiwasi tu, kisha akafika mlango wa A Level ya hesabu, ngazi inayofuata IGCSE, akiwa hana aljebra ya kumvusha. Ushauri wangu ni kumfundisha Extended tangu mwanzo, na uamuzi wa kumshusha uje wakati wa kujisajili, mkiwa na majaribio mkononi.

Jambo la pili: tangu 2025, karatasi moja ya 0580 hufanywa bila kalkuleta. Kwa Extended hiyo ni nusu ya alama zote, 100 kati ya 200. Edexcel, kwenye hesabu zao za namba 4MA1, wanaruhusu kalkuleta karatasi zote mbili. Tofauti hiyo peke yake yaweza kuamua. Kama kijana bado anababaika kwenye sehemu na mizizi bila mashine, una mambo mawili: umpe muda wa kuimarika, au uende Edexcel. Mimi ningempa muda, hasa akiwa na hamu ya uhandisi au ubaharia. Na anayemaliza 0580 mapema, kuna Additional Mathematics, namba 0606, inayomtayarisha vizuri kwa A Level.

Mitaala ya Marekani inapendwa kwa sababu imetungwa kwa ajili ya nyumbani. Saxon, kwa mfano, humrudisha mwanafunzi kwenye mada za nyuma kila siku, na kwa kijana msahaulifu hiyo ni dawa. Lakini mpangilio wa kawaida wa Marekani ni mwingine: mwaka wa Algebra 1, kisha Geometry, kisha Algebra 2. Ukimhamisha kijana katikati kumpeleka IGCSE, utakuta aljebra anaijua na vekta hajaziona. Khan Academy pia, ambayo ni ya bure, msingi wake ni mtaala wa huko, kwa hiyo itumieni kwa kuchagua mada moja moja. Na mkitaka njia ya Marekani hadi mwisho, andikieni chuo mnachokitaka hapa Kenya mwulize wanapokea vyeti gani. SAT ni mtihani wa kuingilia chuo; haisimami badala ya cheti cha kumaliza sekondari.

Mkishachagua mtihani, mpimeni kijana kabla ya kununua chochote. Sihitaji karatasi ndefu. Humpa mlinganyo kama huu: 5 − 2(x − 3) = 1. Jibu ni 5. Akileta −1, amefungua mabano akaandika −2x − 6. Anajua hatua, alama ya hasi ndiyo inayomponyoka, na wiki chache za mazoezi zitamnyoosha. Lakini akianza kwa kutoa 2 kwenye 5 aandike 3(x − 3), huyo hajui kipi hufanywa kwanza, na kumkabidhi kitabu cha kidato cha tatu ni kumwonea. Arudishwe nyuma bila aibu. Msikilizeni anavyoeleza, maana jibu sahihi laweza kutoka kwenye njia mbovu.

Kuna mzigo mmoja ambao wazazi huusahau: nani atasahihisha? KNEC na Cambridge hutoa alama za njia na alama za jibu, mbali mbali. Mzazi anayeweka vema au kosa kwa kutazama jibu la mwisho humnyima kijana habari anayoihitaji zaidi, ya kujua alipopotea. Kama fedha ni chache, afadhali umlipe mwalimu saa moja kwa wiki asahihishe kazi na kuijadili na kijana, kuliko saa nyingi za tuisheni ambazo yeye anaandika ubaoni na kijana ananakili.

Kwa watakaofanya mtihani wa Mei na Juni 2027, hesabuni miezi sasa. Ramadhani itaangukia Februari na mwanzo wa Machi, wakati ule ule wa marudio. Mada mpya zote ziwe zimekwisha kufikia Januari. Mwezi wa Ramadhani wenyewe, karatasi za mitihani iliyopita zifanywe baada ya Alfajiri, kichwa kikiwa chepesi, nusu karatasi kwa siku. Baada ya Idi ndipo karatasi nzima nzima, kwa saa ya ukutani, na ile ya bila kalkuleta ianze.