Kipande cha uvimbe kinachokatwa kinaenda wapi?

Tangu sisi wa maabara tuanze kuwaomba wagonjwa wa saratani ya tumbo na utumbo hapa Bukavu watuachie sehemu ya uvimbe wao kwa utafiti, malalamiko hayaishi. Familia moja ilitaka irudishiwe kichupa ikazike.

Tuelewane. Mgonjwa akipasuliwa, uvimbe unatoka kwa sababu ya matibabu yake. Kwanza tunachukua vya kutosha kwa jibu la daktari wake. Utafiti unapata kilichobaki, tena akiwa ametia sahihi. Akikataa, anatibiwa vilevile. Akibadili nia kesho, tunaitoa sampuli yake kwenye utafiti, ila kile kipande cha paraffini, yaani nyama iliyohifadhiwa ndani ya nta, kilichompa jibu kinabaki kwenye faili lake.

Halafu huu uvumi wa kisu “kuamsha” kansa, jamani! Kubana vipande sita hadi vinane vya tumbo kwa kamera inayopitishwa mdomoni hakusambazi ugonjwa. Kwenye ini kuna hatari ndogo ya sindano kuacha chembe njiani, ndiyo maana uamuzi huo ni wa daktari bingwa.

Sasa wenzangu wa vituo vya afya. Nyama iliyokatwa iingie kwenye formalini (dawa ya kuizuia isioze) ya asilimia 10 ndani ya saa moja, formalini ikiwa mara kumi ya ujazo wa nyama. Utumbo upasuliwe kwanza, la sivyo dawa haifiki ndani na katikati kunaoza. Ikae saa 6 hadi 72. Ikizidi hapo, DNA inaharibika. Chupa iwe na mdomo mpana, jina liandikwe ubavuni, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Karatasi ya ndani iandikwe kwa penseli, wino unafutika. Tumbo na utumbo mpana kila kimoja chupa yake. Saa ya kukata na saa ya kutumbukiza ziandikwe zote mbili. Sampuli isiyo na saa haiingii kwenye utafiti, hata mkipiga simu mara tatu. Inayofika ndani ya seramu (maji ya chumvi ya dripu), au mbaya zaidi ndani ya pombe ya dukani, tunajaribu kuisoma kwa ajili ya jibu la mgonjwa tu, basi.

Wanaouliza kwa nini hatugandishi sampuli kwa nyuzi 80 chini ya sifuri wanajua umeme wa mabwawa ya mto Ruzizi unavyotukatikia. Paraffini inakaa miaka mingi kabatini bila umeme.

Hakuna anayeuza sampuli. Haivuki mpaka bila kibali cha kamati ya maadili na mkataba wa maandishi. Mfanyakazi wetu akiitoa kinyume, anasimamishwa siku hiyohiyo. Mwenye shaka aje maabara asubuhi na nakala ya fomu yake. Namba ya kipande iko juu kulia.