Je, wajua kwa nini herufi nono hupendeza ubavuni mwa mashua?

Simama gatini Lamu mashua zikipishana kwenda Shela na Manda, ujaribu kusoma majina yake kwa mbali. Jina lililoandikwa kwa herufi nene za mviringo, zilizofura kama mahamri yanayotoka karaini, hukufikia mapema kuliko lile la herufi nyembamba. Unono huo unalisaidiaje jicho?

Fonti mashuhuri ya aina hii ni Cooper Black, iliyobuniwa na Oswald Cooper wa Chicago, Marekani, na kutolewa mwaka 1922 na kiwanda cha herufi za kuchapia za risasi (ile metali laini) cha Barnhart Brothers & Spindler. Itazame kwa karibu: ncha zake karibu zote hazina kona kali. Vile vijiguu ambavyo herufi nyingine huvikalia juu ya mstari, hapa vimeviringwa kama nyayo za mtoto. Mimi naona siri kubwa imo humo. Herufi yenye miguu iliyonyooka ikikaa juu au chini kidogo ya wenzake, jicho linaona mara moja. Ya mviringo haina ukingo wa kuisaliti, hivyo kosa dogo la mkono halionekani. Na ubavu wa mashua si karatasi: mbao zimejipinda kutoka omo hadi tezi, zina maungio yaliyotiwa kalafati, na fundi anawahi kumaliza kabla maji hayajajaa. Herufi inayosamehe inamfaa kuliko inayomdai unyoofu.

Sababu ya pili ni uzito. Mchirizi mwembamba wa rangi humezwa na mng'ao wa jua juu ya maji, mnene hubaki.

Lakini unono una gharama, na sisi waandishi wa Kiswahili tunailipa zaidi. Maneno yetu yamejaa irabu, na a, e na o zina matundu ndani. Herufi ikinenepa, tundu husinyaa. Kwa ukubwa wa kibao neno “Baraka” linapendeza mno, a zake tatu zikijirudia kama mawimbi. Liandike kwa ukubwa wa maandishi ya gazeti, matundu yajae wino, na a itafanana na e. Kwa hiyo jina la mashua, kibao cha duka la halua au bango la mashindano ya majahazi, sawa. Orodha ya bei, maelezo ya safari au tangazo la msiba, hapana: hayo yanataka herufi nyembamba na tulivu.

Fonti hizi zilirudi kwa kishindo miaka ya 1960 na 1970, uchapaji wa picha ulipoenea, yaani herufi kupigwa picha badala ya kupangwa kwa vipande vya risasi. Herufi ya risasi ilikaa juu ya kipande chake cha metali, ikawa vigumu kuisogeza kwa jirani; kwa picha ziliweza kubanwa hadi zigusane, na kwa kweli hizi hupendeza zikibanana. Ndiyo sura tunayoiita ya zamani leo.

Ukitaka kuijaribu kwenye kibao chako, chora jina kwa chaki kwanza, rudi nyuma hatua thelathini, kisha finya macho. Ikiwa a na o zimekuwa madoa yanayofanana, panua matundu kabla hujafungua kopo la rangi.